Viganja Viwili

Ghuba ya Sili,
12 Novemba

Mwanangu Lavina,

Ndege ya barua haijatua siku nne kwa ajili ya ukungu, kwa hiyo ukiipata hii imechelewa usiseme Mama mdogo amekununia. Nimeifunga kwa gundi, halafu kwa utepe, mara mbili. Ludmila wa posta ana macho marefu. Bahasha akiinyanyua kwenye taa anajua mpaka mwandishi alikula nini. Na simu usinitajie. Neno la simu halina shahidi.

Huku ni mvua tu. Mwezi wa kumi na moja umefika katikati, na mlima hauna hata kofia ya theluji.

Sasa sikia kilichonikalisha mezani. Juzi nilikwenda kinamasini, kwenye mierezi yetu ya manjano, pale alipochuna gome bibi yako na bibi yake kabla yake. Tangu tumzike mama yako nilikuwa sijatia mguu. Nimekuta miti miwili imegeuka rangi. Majani mekundu kama kutu kuanzia kileleni, ukiyagusa yanapukutika. Miti miwili, Lavina, iliyokuwepo kabla Warusi hawajafika kuitawala pwani hii.

Sikutuhumu. Nauliza tu. Mwezi wa sita mlikwenda kuchuna wewe na mama yako, naye wakati ule hata kikombe hakinyanyui. Kwa hiyo kisu kilikuwa mkononi mwako. Miti tisa, ulisema. Na sheria ya nyumba yetu unaijua: hachuni mtu zaidi ya viganja viwili vilivyowekwa bega kwa bega, na kabla ya kuweka kisu anauambia mti shida yake. Ukizidisha, mti unakosa njia ya kupandisha maji, unakufa. Kila mtoto wa ukoo wetu wa Kunguru analijua hilo kabla hajajua kufunga kamba za viatu.

Ulizidisha?

Nauliza kwa sababu ya joho. Mama yako ameliacha nusu kwenye kitanda cha kufumia, na alisema mbele ya kaka yetu Cyril kwamba ulimalize wewe. Sikupinga. Lakini joho lile litavaliwa mwezi wa nane, siku ya kumaliza msiba wake, mbele ya watu wa ukoo ule mwingine, wa Tai, wote wakikodoa macho. Na anayelimaliza anachukua jina la mama yako. Sasa watu wa Tai wakisikia kwamba mikono iliyofuma ndiyo iliyoua mierezi, tutaficha wapi nyuso zetu? Joho liko kwangu, salama, na halitoki mpaka nielewe.

Kikulacho ki nguoni mwako, alikuwa akisema mama yetu. Mimi sisemi.

Nimekuwekea chupa mbili za samaki wa moshi. Kula, umekonda.

Mama yako mdogo,
Feodora


Juneau,
23 Novemba

Shikamoo Mama mdogo,

Samaki wamefika. Chupa moja ilivuja ikanukisha korido nzima, na jirani yangu Corazon akagonga kuuliza ni nani anapika vizuri hivyo. Tumekula wote. Nimekula huku najiuliza kama ni zawadi au ni chambo.

Umesema husemi, lakini umeshasema.

Nitakueleza siku ile ilivyokuwa. Mama alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, amejifunga mablanketi mawili, kofia ya Mjomba imemfika machoni. Kila mti aliuchagua yeye, ule upande usio na matawi. Kila mkato aliuelekeza yeye: shusha, shusha tena, karibu na mizizi. Kabla ya mti wa kwanza aliniambia niseme shida yangu kwa sauti. Niliona aibu. Nikasema mama anaumwa, anataka gome la matamvua ya joho lake, tafadhali. Mama akacheka mpaka akakohoa, akasema naongea na mti kama mtu anayeomba kazi serikalini. Halafu nikaweka viganja vyangu viwili kwenye gome, nikakata hapo, nikavuta nikirudi nyuma mpaka likachomoka juu. Mara tisa. Sikuzidisha hata mara moja.

Sasa nami nina maswali. Hiyo miwili mikundu ni ipi? Ina makovu yote miwili? Mahali pale pana mierezi kama thelathini na mimi niligusa tisa.

Na jingine. Nilipoondoka baada ya mazishi, joho lilikuwa kwa Mjomba Cyril, chumba cha nyuma, limefunikwa shuka. Limefikaje kwako?

Sikutuhumu. Nauliza tu.

Mwanao,
Lavina


Ghuba ya Sili,
8 Desemba

Lavina,

Ulimi umepata ncha huko mjini. Joho limehama kwa sababu kwa Cyril kuna paka. Paka na sufu ya mbuzi wa mlimani havikai chumba kimoja. Hilo hata mtoto angelijua bila kuuliza.

Miti ipi, miti ipi. Mti ni mti. Ukifiwa na mtu unauliza alikuwa amevaa nini?

Nimeikalia barua yako wiki nzima, na kuna jambo moja limenikaa kooni. Unasema uliweka viganja vyako. Mama yako alikuwa na viganja kama vya mtoto wa darasa la pili. Glavu zake alinunua sehemu ya watoto maisha yake yote. Wewe mikono umechukua ya baba yako, na wale ni watu wa kuvuta nyavu. Sasa viganja viwili vya nani? Ukiniambia viganja viwili, mimi nasikia vya dada yangu Anisia. Kama ulipima kwa majembe ya baba yako, basi hapo pana jibu.

Fanya hivi. Weka mkono wako juu ya karatasi, uzungushie penseli, unitumie. Mikono yote miwili. Theluji ikianguka vizuri na kinamasi kikaganda nikaweza kupita, nitakwenda nayo mpaka kwenye makovu, nipime. Karatasi haina upande.

Bado hakujaganda. Leo nimevuka kijito kwa viatu vya mvua, Desemba, nikatoka jasho. Cyril anasema ni raha, hakati kuni nyingi. Mimi haijanipendeza.

Feodora


Juneau,
2 Januari

Mama mdogo,

Mikono hiyo hapo, kulia na kushoto. Kapime.

Nimeandika jina langu chini ya kila mmoja usije ukasema ni ya mtu mwingine.

Lavina


Ghuba ya Sili,
17 Februari

Binti wa Anisia,

Hata shikamoo hukuandika, kwa hiyo nami nimeanza bila salamu.

Jana nimekwenda. Mchoro mfukoni, koleo begani. Februari kama hii sijawahi kuiona na nina miaka sitini na sita. Vichaka vya matunda ya buluu vimechipua. Magugu ya kinamasi yameshatoa pua za manjano, yananuka kama mwezi wa nne. Theluji iliyopo ni ile iliyoanguka mwisho wa Januari. Kwenye uwazi mvua imeshaila, imebaki chini ya miti tu, inanifika katikati ya goko, chini ya goti.

Kovu lina upana wake wote pale chini kwenye mkato, likipanda linachongoka. Kwa hiyo kupima juu ya theluji ni kujidanganya. Nilifukua. Mti mmoja baada ya mwingine nilisafisha duara pana mpaka kwenye udongo, nipate pa kupigia magoti, nikakwangua hata ukoga uliofunika mizizi ili nisikosee mstari. Sikuacha hata chembe nyeupe. Nilifukua miti sita, mgongo ukanigomea, nikaiacha miwili.

Nikaweka karatasi zako juu ya kovu la kwanza. Kiganja, kiganja. Na bado pembeni pakabaki upana wa kidole gumba, huku na huku. Nikasema labda nimekosea. Nikaenda wa pili. Wa tatu. Miti yote sita, Lavina, kidole gumba huku na kidole gumba huku.

Njia ya mwongo ni fupi. Uliweka mikono yako na bado ukaongeza, kwa tamaa au kwa haraka, sijui, na mama yako amekaa pale juu ya ndoo haoni vizuri. Ulimdanganya mgonjwa.

Nimemwambia Cyril. Nimemwambia na Ludmila, maana yake wameambiwa wote. Mwezi wa nne nyumba itakaa iamue joho linamalizwa na nani.

Feodora


Juneau,
24 Februari

Shikamoo Mama mdogo,

Hii isome yote kabla hujakasirika. Nakuomba.

Ule mchoro si mikono yangu. Ni ya Corazon. Aliiweka juu ya meza yangu akicheka, akidhani ni mchezo, nami nikaandika jina langu chini. Nimefanya uongo na naona aibu kuuandika. Niliogopa. Ulikuwa umeshasema majembe ya baba yako, na niliangalia mikono yangu jikoni nikaona kweli ni yake. Nikajua nikituma hii, utasema jibu ndilo hilo. Nikatafuta midogo.

Yangu ndiyo hii iliyomo humu. Rudi uweke kwenye kovu, utaona inakaa bila kubaki nafasi hata ya unywele. Na sikujipimia mwenyewe. Mama aliishika mikono yangu kabla ya mti wa kwanza, nami nikamwambia Mama, yangu ni mikubwa, tupime kwa yako. Akaniambia: "Anayevuta ndiye anayepima. Mti unamjua anayeuvuta." Muulize Mjomba kama bibi hakusema hivyo hivyo.

Lakini si hilo lililonifanya niandike leo leo.

Kantini ninakopika kila Jumanne anakula mzee mmoja wa idara ya misitu, Lindqvist. Kazi yake ni kuzika vipimajoto kwenye mizizi ya miti na kurudi kuvisoma. Nilimuuliza habari ya mierezi mikundu bila kutaja nyumba yetu. Akaacha supu ikapoa. Anasema inakufa kisiwa baada ya kisiwa, mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kutia kisu. Mizizi yake iko juu juu, kwa sababu chini kinamasini hakuna hewa. Zamani theluji ililala juu yake mpaka mwezi wa nne. Sasa Februari inakuwa ya joto, mizizi inaamka, inaanza kunywa kama vile masika yamefika. Halafu unakuja usiku mmoja au miwili ya baridi kali, na juu ya mizizi hakuna kitu. Inaganda. Mti haujui kwamba umekufa mpaka majani yanapotaka maji. Hauuawi na joto, Mama mdogo. Unauawa na baridi, kwa sababu blanketi lake limeyeyuka.

Na wewe umeniandikia kwamba umefukua sita mpaka kwenye udongo.

Redio inasema baridi inashuka kutoka Yukon, ng'ambo ya milima, mwanzo wa mwezi. Chukua koleo lile lile urudishie. Kama theluji haitoshi, weka matawi, magunia, mazulia ya Mama, chochote. Nimempigia Mjomba mara tano, hapokei simu yangu tangu ulipozungumza naye. Ninayeweza kumwambia ni wewe tu, na wewe simu hutaki.

Nikasirikie baadaye. Funika kwanza.

Mwanao,
Lavina


Juneau,
11 Aprili

Mama mdogo,

Wiki saba na hakuna jibu. Bahasha haikurudi, kwa hiyo ilifika.

Mjomba amepiga hatimaye. Ameongea kama mtu anayesoma karatasi. Nyumba imekaa, joho utalimaliza wewe, jina la Mama likae kwanza. Na mwaka huu nisije kuchukua mayai ya samaki, watu bado wana maneno. Sijawahi kukosa mayai ya samaki toka nizaliwe. Hata mwaka niliovunjika mguu Mama alinibeba mpaka kwenye boti.

Nilimuuliza kama ulimwambia kwamba nilikiri mchoro haukuwa wangu. Akasema hajui habari hiyo.

Kwa hiyo nauliza. Barua yangu uliificha, au Ludmila aliichukua? Na ulifunika?

Joho lina miezi minne tu. Nililia kazini leo mbele ya watu, mpaka wakadhani nimefiwa upya.

Lavina


Ghuba ya Sili,
12 Juni

Mwanangu Lavina,

Nimeanza barua hii mara sita na kuichana. Hii ya saba nitaituma vyovyote itakavyokuwa.

Barua yako ya Februari ilifika tarehe ishirini na saba. Ludmila hana kosa. Sikuifungua. Niliishika, nikaona ni nene, nikasema amekwenda kutafuta maneno mengi ya kujitetea, na ndani kutakuwa na michoro mingine ya uongo. Nikaitia nyuma ya saa ya ukutani. Baridi iliingia tarehe tatu Machi, ikakaa siku tatu. Ndoo ya maji mlangoni iligeuka jiwe. Mimi nilikaa karibu na jiko nikifuma, nikafurahi kwamba hatimaye baridi imekuja kama zamani.

Nilikuwa na siku nne, Lavina. Koleo lilikuwa mlangoni.

Nimeifungua wiki iliyopita. Nitakwambia kwa nini. Nilikwenda kinamasini kuchukua gome, maana matamvua ya kushoto yamepungukiwa na lile ulilochuna mwaka jana halikutosha. Nikakuta miti sita mikundu. Ile niliyoifukua, yote sita. Na ile miwili niliyoiacha mgongo uliponigomea, yenye makovu yako hayo hayo, imesimama kijani kama haijasikia lolote. Nilikaa chini kwenye maji. Nilikaa mpaka suruali ikalowa na sikuhisi. Halafu nikarudi nyumbani nikatoa barua nyuma ya saa.

Nikakunja mchoro wako wa pili nikarudi nao kwenye kovu la mti mzima. Umekaa sawasawa. Na Anisia alisema kweli. Mama yetu alituambia hivyo hivyo, anayevuta ndiye anayepima. Nilikuwa nalijua. Nilijua hata nilipokuandikia kuhusu glavu za watoto.

Kuna mengine, na nisipoyaandika leo sitayaandika tena. Uliuliza Novemba kama miti ile miwili ya mwanzo ilikuwa na makovu. Mmoja ulikuwa nalo. Wa pili haukuwahi kuguswa na mtu. Niliuona kwa macho yangu siku ile ya kwanza, nikazunguka shina lake lote nikitafuta kovu, sikulipata, na nikakuandikia "miti miwili" hivyo hivyo.

Na joho. Kwa Cyril kweli kuna paka, ila ana miaka kumi na tano na hawezi kupanda hata kiti. Nililichukua wiki moja baada ya mazishi. Nilimwambia Cyril ninalitunza. Nilikuwa nimeshafuma safu mbili kabla sijaona mti wowote mwekundu. Mimi na Anisia tulifundishwa siku moja, kwenye kitanda kimoja cha kufumia, na mwalimu mmoja. Miaka arobaini watu wanapanda ndege kuja kuona kazi ya Anisia, na mimi wananiuliza chai iko wapi. Hata wakati wa kufa, akampa joho lake mtoto aliyekwenda mjini kupika kantini, mimi nimekaa hapo hapo kitandani kwake nimemshika miguu. Nilipoiona ile miti nilisikitika. Halafu, chini ya huzuni, nikafurahi. Nilipata sababu.

Wazee wanasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Nilikwenda kuchimba kosa lako na nimeua mierezi sita ya mama yangu kwa koleo.

Sijamwambia mtu. Cyril hajui, Ludmila hajui. Barua hii nimeitia jina langu lote chini, na tarehe, ili uweze kumwonyesha Mjomba wako bila kubishaniwa. Fanya utakavyo nayo. Sitakana.

Feodora Anisimovna,
nyumba ya Kunguru, Ghuba ya Sili


Juneau,
21 Juni

Mama mdogo,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, halafu nikaenda kutembea mpaka mwisho wa barabara. Huku barabara ina mwisho, unaujua, inafika msituni inakoma. Nilikuwa na hasira kiasi kwamba niliona heri ingeendelea.

Sijakusamehe. Sitaki kukudanganya, tumedanganyana vya kutosha. Mimi nilituma mkono wa mtu mwingine. Kama ningetuma wangu Januari, usingekwenda kufukua kwa uchungu ule. Hilo nalibeba mimi. Lakini zile siku nne ni zako.

Wewe unaniambia nimwonyeshe Mjomba. Nimefikiri nitume siku hiyo hiyo. Nilinunua stempu. Halafu nikaona nikifanya hivyo tutakuwa tumerudi pale pale: karatasi inapita nyuma ya mgongo wa mtu, watu wanasoma, mwenye jina hayupo. Ndivyo nilivyohukumiwa mimi.

Kwa hiyo nimekurudishia. Imo humu, yote, kurasa nne, sikubaki na nakala. Ukitaka itie jikoni iungue, na mimi sitakuwa na shahidi. Au simama mbele ya nyumba uisome kwa mdomo wako, watu wa Tai wakiwepo, kwa sababu na wao waliambiwa.

Bwana Lindqvist anauliza kama anaweza kuja kuzika vipimajoto kwenye mierezi iliyobaki. Nimemwambia ruhusa si yangu.

Lavina


Ghuba ya Sili,
3 Julai

Lavina mwanangu,

Nimeisoma jana, baada ya ibada, kwenye ukumbi. Cyril aliita nyumba zote mbili. Nilipofika kwenye habari ya koleo nilishika kiti. Niliisoma yote, na ile sehemu ya kufurahi pia. Ludmila alilia kuliko mimi, nadhani kwa kuwa hakuwa ameisoma kabla.

Halafu mama mkubwa wa Tai, yule Eudokia wa fimbo mbili, akauliza kwani theluji ilikuwa imefika wapi mguuni siku ile. Nikamwonyesha kwenye goko langu. Akasema mwaka alioolewa yeye, mahali pale pale, mwezi ule ule, ilimfika kiunoni, na mumewe alimbeba. Ndipo watu wakaanza kuzungumza, kila mmoja na theluji yake, ilifika wapi, mwaka gani. Kumbe kila mtu alikuwa ameona, na kila mtu alikuwa anatafuta wa kumlaumu nyumbani kwake. Mume wa Ludmila alikuwa anamtuhumu jirani kwa mierezi yake miaka minane sasa.

Nyumba imeamua. Jina la mama yako ni lako kuanzia siku ya msiba. Mimi sitagusa gome mpaka nyumba iseme tena, na kazi yangu ni kinamasi: theluji ikianguka, nikusanye kutoka kwenye uwazi nifunike mizizi ya ile iliyobaki, kila wiki, mpaka mwezi wa nne. Ni haki. Mwambie huyo mtu wa vipimajoto aje. Cyril amekubali, ila alete buti zake mwenyewe.

Hukuniomba joho. Uliomba nisome tu, na nimeliona hilo.

Safu nilizofuma zilikuwa nne. Zilikuwa nzuri, nakwambia kweli, hata mama yako asingeweza kuona zilipoanzia. Leo asubuhi nimezifumua zote. Zilichukua miezi mingi kufuma, na kabla ya chakula cha mchana zilikuwa zimekwisha. Sasa linaishia kwenye fundo la mwisho la Anisia, lile alilofunga mkono ukitetemeka; limelegea kidogo, utalijua. Usilikaze. Anzia hapo.

Cyril ameliweka kwenye sanduku, linapanda ndege ya Alhamisi. Una wiki sita. Usiku na mchana havitoshi kwa mtu mmoja, najua, lakini sitakuja isipokuwa uniite.

Feodora